Aliyetembeza Wageni Bila Kuangalia Nje

Katika muda wote nilioendesha basi lake, sikuwahi kumwona akiuangalia mji wetu. Nayo kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wageni mji huo.

Mimi nilikuwa dereva, yeye alikuwa mtembezaji. Lubumbashi nzima, ambayo siku zile iliitwa Elisabethville, ilimjua kwa jina la Baba Guide. Jina lake la kweli nililijua, ila sitalitaja, maana mwenyewe hakupenda litajwe. Alisema jina ni la mama mzazi na la polisi. Alizaliwa wapi, nani aliyewaleta wazee wake kutoka Maniema, hayo waulizwe wanaopenda habari za koo. Mimi nasimulia niliyoyaona kwenye kioo cha dereva, na ninasimulia kwa sababu siku moja aliwatoa mke wangu na mtoto wangu mtaa wa Katuba, mahali ambapo wangeuawa. Lakini nikianza na siku hiyo mtadhani alikuwa shujaa, na yeye hakuwa na sura wala tabia ya shujaa. Alikuwa msumbufu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndege za kwenda kusini zilitua uwanja wa Luano kunywa mafuta, na abiria walikuwa na saa kadhaa za kukaa bure. Ofisi moja ya mjini iliwachukua kwa basi, ikawazungusha: bomba la moshi la kiwanda cha shaba, kanisa kubwa, posta, soko, wauza malakiti, yale mawe ya kijani, ziwa, kisha kuwarudisha uwanjani kabla ndege haijaruka. Katanga ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba sasa ni nchi peke yake. Wakubwa wa ofisi walitaka ziara ziendelee kwa gharama yoyote, ili dunia ione kwamba tumetulia.

Baba Guide alisimama mbele ya basi akiwapa abiria uso na kioo kikubwa akikipa mgongo, mkono mmoja umeshika chuma cha mlangoni. Alisafiri hivyo kinyumenyume kutoka Luano mpaka ziwani na kurudi. Kila alichokieleza kilikuwa nyuma ya kisogo chake. Nilimuuliza siku ya kwanza kama hataki kugeuka hata kidogo ahakikishe.

“Chauffeur,” akaniambia, “guide akigeuka kuangalia, bageni banajua hajue. Miye naangaliaka bantu. Mji ninaiyona mu macho yabo.”

Na kweli aliuona. Pale kwenye mzunguko wa barabara palikuwa na bustani ya maua mekundu, fahari ya manispaa. Asubuhi moja tukakuta maua yameng'olewa na pamewekwa magunia ya mchanga na bunduki kubwa ya miguu mitatu. Baba Guide, mgongo wake umeielekea bunduki, akawa anasifu maua. Abiria wakatoa macho. Akaziangalia nyuso zao kwa utulivu, akasema bila kubadilisha sauti, “Ndiyo. Bageni bote banashangaaka. Ni jardin ya kisasa.”

Kwenye mgahawa wa mtaa ule mkubwa walikuwa wakikaa Wazungu wa vita, wale waliokodiwa kutoka ng'ambo, mashati wazi vifuani, bunduki juu ya meza pamoja na bia. Alipoona mama mtawa mmoja ameshika rozari yake kwa nguvu akajua tumefika hapo. Akasema hao ni wataalamu wa kilimo, wamekuja kutufundisha kupanda.

“Kupanda nini?” mtawa akauliza.

“Bado haiyaota, ma sœur,” akajibu, na tukaendelea na safari.

Siku nyingine nilimwambia wazi kwamba anadanganya watu. Akakasirika kwa namna yake, yaani alifuta viatu vyake kwa leso, na viatu hivyo havikuwa na vumbi. Halafu akasema, “Mi siongopake. Mi nasemaka yenye ingefaa ikuwe.”

Kabla ya mji wetu alikuwa mhudumu wa meli kule ziwa Tanganyika, akiwapelekea abiria chai na kuwashusha kutembea kwenye visiwa na bandari ndogo. Kutoka huko alibaki na koti jeupe lililotiwa wanga, ambalo mke wake alilipiga pasi kila jioni, na maneno ya kukaribisha. Tukitoka tu geti la Luano alinyoosha mkono: “Mesdames et messieurs, karibu ku kisiwa.” Abiria waligeuza shingo kutafuta maji. Nje kulikuwa na vichuguu na vumbi. Bwana mmoja mwenye mdomo akauliza bahari iko wapi.

“Iko njiani, monsieur,” akamjibu.

Nilidhani ni mazoea ya melini, mpaka nilipomuuliza. Akaniuliza na yeye: “Chauffeur, leo weye unaweza kwenda Léopoldville?”

“Hapana, baba.”

“Na kwenu Kasai?”

“Njia imefungwa, baba. Unajua.”

“Bon. Muntu akiwa hawezi kutoka, iko ku kisiwa.” Kisha akanikumbusha kwamba breki zangu zinalia na zinamharibia maelezo.

Na huyo mtu wa meli aliogopa maji kuliko mtoto anavyoogopa sindano. Tukifika ziwani aliwashusha wageni wakapige picha, yeye akabaki ndani ya basi amekunja mikono. Alikuwa Mwislamu wa kuswali kwa wakati, lakini watakatifu wote wa madirisha ya kanisa kubwa aliwajua mmoja mmoja, na walivyokufa. Aliwaeleza akiwa nje, mlangoni, amewapa mgongo. Mzungu akisahau kuvua kofia alimkemea kama padri. Na hakujua kuendesha gari, wala hakutaka kujua. Aliona usukani ni kazi ya mikono, nayo mikono yake ilikuwa ya kuonyesha.

Kwa kuwa hakuona mbele, tulikubaliana nikohoe. Kukiwa na kitu barabarani kisichofaa, nakohoa, naye anatazama nyuso za abiria ajue ni kitu cha namna gani. Mwaka ule wa pili wa Katanga kuwa nchi, nilikohoa mpaka mwanamke mmoja wa Kiholanzi akanipa dawa ya kifua.

Kulikuwa na jambo jingine alilolipenda, nalo lilinitia aibu. Aliwafundisha wageni salamu. Kwetu ukimkuta mkubwa, mzee au chifu, unainama kidogo na kupiga makofi polepole, viganja vikiwa na shimo katikati ili sauti itoke nene. Baba Guide aliwafanyisha mazoezi ndani ya basi njia nzima kutoka Luano. “Hapana sawa ku théâtre! Polepole! Heshima!” Basi wakishuka sokoni, Wazungu wenye kofia za jua waliinama mbele ya mama muuza majani ya sombe na kumpigia makofi kama chifu wa kale. Akina mama walicheka mpaka wakashikana mabega. Yeye hakucheka. Alimsubiri yule mama ajibu salamu ipasavyo, na asipojibu, hakumruhusu mgeni ye yote kununua kitu kwake.

Sasa niseme habari za Katuba, mtaa tuliokaa.

Sisi ni watu wa Kasai. Baba yangu aliletwa Katanga kufanya kazi ya reli, nami sikujua nyumbani kwingine. Lakini mwaka ule tuliambiwa sisi ni wageni, kisha tukaambiwa sisi ni maadui. Vijana wenye vitambaa mkononi na minyororo ya baiskeli walipita nyumba kwa nyumba. Jirani wa kulia alichomewa nyumba, wa kushoto aliondoka bila kuaga. Maelfu walikimbilia kambi nje ya mji iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa wenye kofia za buluu. Aliyefika huko alikuwa salama. Ila kati ya mtaa wetu na kambi palikuwa na kizuizi cha mapipa na mbao, na mwanamke wa Kasai mwenye mzigo kichwani alipofika pale hakupita. Mke wangu, mama Ngalula, alikuwa amefungiwa ndani na huyo Ngalula, mtoto wetu wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mimi nilikwenda kazini kila asubuhi kwa sababu basi la ofisi lilinipa sura ya mtu wa serikali, na kila jioni nilirudi sijui nitakuta nini. Sikumwambia mtu.

Asubuhi moja, basi likiwa tupu, Baba Guide aliniambia, “Chauffeur, siku hizi unakohoa hata penye hakuna kintu. Kuna nini?”

Nikamweleza. Alisikiliza akiangalia viatu vyake. Mwisho akasema, “Bibaya,” akaniuliza mlango wangu ni wa rangi gani. Nikamwambia ni wa kijani. Akaanza kulalamika kuhusu abiria wa jana waliokula machungwa na kutupa maganda chini. Nilimchukia sana asubuhi ile.

Tulipowachukua wageni Luano akawakaribisha kisiwani kama kawaida, akawafundisha makofi, halafu akatangaza kwamba leo programu ina nyongeza ambayo makampuni mengine hayana: quartier, yaani mtaa wa Waafrika, na nyumba moja halisi. Wageni wakafurahi. Nusura niliingize basi mtaroni.

“Chauffeur, shika njia ya Katuba,” akasema.

Alinisimamisha mbele ya mlango wangu. Akagonga, wageni wamejipanga nyuma yake. Mke wangu alipofungua, Ngalula mgongoni, alikuta uso wa Baba Guide na nyuma yake kofia nyingi za jua zimeinama zikimpigia makofi. Akanitazama mimi kwenye usukani. Nikaitikia kwa kichwa, maana sikujua la kufanya zaidi.

“Voilà,” Baba Guide akasema kwa Kifaransa chake cha kanisani, “famille typique,” yaani familia halisi ya hapa. Kisha kwa Kiswahili cha chini: “Mama Ngalula, funga mutoto muzuri. Uko unaenda kutembea na bazungu. Usibebe kintu.”

“Siache nyungu yangu,” mke wangu akasema.

“Mama, nyungu tutanunua.”

“Ni ya mama yangu. Siiache.”

Mtaani vichwa vilishaanza kuchungulia. Baba Guide alifikiri kidogo, akawageukia wageni, akawaambia kwamba katika nyumba hii kila mgeni anaruhusiwa kutoka na souvenir moja, kitu cha ukumbusho. Wakaingia. Mama mmoja mnene wa Kizungu akatoka amekumbatia chungu cha mama mkwe wangu. Bwana aliyevaa tai akatoka na kigoda. Mwingine blanketi, mwingine mchi, mwingine picha ya harusi yetu kwenye fremu yake. Kwa muda mfupi nyumba yangu yote ilikuwa ndani ya basi, na hapakuwa na mtu mweusi hata mmoja aliyebeba mzigo.

Kizuizini nilikohoa mpaka koo likawasha. Vijana walikaa juu ya mapipa. Mkubwa wao alivaa kofia ya kijeshi iliyomzidi na alizungusha mnyororo kidoleni. Baba Guide alisoma nyuso za abiria, na kwa mara ya kwanza niliona mkono wake umekibana kile chuma cha mlangoni. Sauti yake haikubadilika.

“Mesdames et messieurs, tunafika kwa chef. Tunashuka bote. Munakumbuka salamu.”

Wakashuka wote. Wakajipanga, wakainama, wakampigia makofi yule kijana, polepole, viganja na shimo, kama walivyofundishwa. Kijana alisimama ameduwaa. Kwa watu wetu, aliyepigiwa makofi namna ile hawezi kubaki amesimama kama mwizi wa kuku. Lazima ajibu, na ajibu kwa utu uzima. Aliuficha mnyororo nyuma, kisha ikabidi apige makofi na yeye, na mnyororo ukaanguka. Mwenzake mmoja akacheka. Mkubwa akampiga kofi, safari hii la kweli.

“Huyu mwanamuke ni nani?” akauliza.

“Njo mwenye kuonyeshaka manyungu, chef,” Baba Guide akasema.

“Na chauffeur? Kabila gani?”

“Chef, chauffeur nilimukuta mu basi. Ni wa ofisi, sawa matairi.”

Nilimtazama kijana machoni, naye akanitazama. Alijua. Nina hakika mpaka leo kwamba alijua. Lakini safu yote ya Wazungu ilikuwa bado inampigia makofi, kwa sababu hakuna aliyewaambia waache, na mtu hawezi kumvuta dereva kwenye usukani huku anatukuzwa. Alinyoosha mkono, wakavuta mbao.

Geti la kambi lilikuwa na waya na askari wenye kofia za buluu. Baba Guide akawaambia wageni hapa ndipo souvenir zinaporudishwa, ni desturi. Wakatazamana, kisha wakatazama ule umati nyuma ya waya, mahema na moshi na watoto, na hapo ndipo walipoelewa walikuwa wamebeba nini. Bwana wa tai alikiweka kigoda chini kwa mikono miwili. Hakuna aliyepiga picha.

“Na weye, shuka,” Baba Guide akaniambia.

“Na basi, baba? Na bageni? Ndege itabaacha.”

“Bageni banajua kutembesha motokari. Shuka.”

“Pale kwa kizuizi batakuuliza chauffeur iko wapi.”

“Batauliza.”

“Utabaambia nini?”

“Ile ni kazi yangu. Mi sikuulizake weye namna ya kushika volant.”

Yule mama mnene aliyebeba chungu akasema aliwahi kuendesha lori shambani kwake, akakaa kwenye kiti changu. Nilitaka kumshika Baba Guide mkono, lakini alikuwa ameinama kwa Ngalula. Alimpigia makofi mtoto yule, akamwambia, “Mademoiselle, karibu,” kisha akapanda, akasimama mahali pake, mgongo kwenye kioo. Basi likaondoka linarukaruka kwa gia mbaya. Nilimwona kupitia dirishani, mdomo wake ulikuwa umeshaanza kueleza. Nililia mbele ya askari na sikuona haya.

Kutoka kambini tulipelekwa Kasai kwa treni. Mambo ya Katanga yakaisha, miaka ikapita, watoto wengine wakazaliwa, na mwishowe tukarudi Lubumbashi, maana Kasai kwenyewe tulikuwa wageni vilevile. Nilimtafuta Baba Guide. Nilimkuta mtaa wa Kampemba, uani kwake, anashona kofia za kuswalia kwa mashine ya mkono.

“Breki?” akaniuliza.

“Hazilie tena, baba.”

Mkewe akanipa kiti, na kabla sijauliza akaniambia kilichotokea siku ile. Wale vijana walimshusha Baba Guide kizuizini, wageni wakaachiwa kwenda na ndege yao. Alirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa, mbele hana meno, na ofisi haikumtaka tena.

“Meno ilikuwa ya zamani,” Baba Guide akasema.

“Na huyu mutoto wenu,” mkewe akaendelea, “Ngalula. Kila siku huyu muzee anatusimuliaka. Eti iko na mujukuu kule Kasai, anasoma, ni mukubwa sasa.”

Baba Guide aliacha mashine. “Mademoiselle iko?” akaniuliza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo tangu stesheni ya Kasai, na bado halikunikuta tayari. Ningeweza kusema yupo. Angeamini, au angejifanya kuamini. Lakini mtu huyu alitoa meno yake kwa ajili ya mtoto yule, na nilimpenda, na sikuweza kumpa kitu kisichokuwepo.

“Alikufa, baba. Kule kule ku camp. Surua. Hatukumaliza hata mwezi.”

Kuku walipita kati yetu.

“Mulifanya kilio?” akauliza.

“Kilio gani, baba? Kila hema ilikuwa na yake. Tulimuzika, tukarudi kupanga mulolongo ya unga.”

Aliinuka akaingia ndani. Alitoka amevaa lile koti jeupe, limekuwa la manjano kwenye kola, na akaniambia twende. Tulipanda gari mpaka kwetu, Katuba, tulikokuwa tumerudi kukaa. Tulipita mbele ya kanisa kubwa, tukapita posta, tukapita sokoni, na mtu huyu ambaye hakuwahi kupita mahali bila kupaeleza hakusema neno hata moja. Mimi ndiye niliyekuwa nikiongea, nikimwonyesha nyumba mpya, kwa woga tu.

Mke wangu alikuwa uani anachambua mchele. Kwa muda mrefu watu walikuwa wakimwita mama Mukendi, kwa jina la kijana wetu. Majirani hawakujua jina jingine, na sisi wenyewe tulikuwa tumeacha kulitamka.

“Mama Ngalula,” Baba Guide akasema. “Nimekuya ku kilio. Unisamehe, sikusikia mapema.”

Akavua viatu vyake, akakaa chini kwenye udongo, mgongo kwenye ukuta, miguu ameinyoosha kama wanavyokaa wenye msiba. Mke wangu alimtazama, na mchele ukamwagika. Alilia kilio ambacho hakuwahi kulia kambini, wala kwenye treni, wala usiku wo wote niliolala karibu naye. Majirani walisikia, wakaja mmoja mmoja, na kila aliyeuliza nani amekufa aliambiwa, “Mutoto wa hapa,” naye akakaa chini. Mpaka jua linashuka uwanja ulikuwa umejaa watu, na mtu mmoja alikwenda kutafuta kuni za moto wa kilio.